Kuuza nguo za kanga kwenye soko la Second Life: uzoefu wangu nikiwa Dar

Nianze na hukumu kwa wale wanaosoma kwa bando la kuhesabu: soko la Second Life ni mahali pazuri pa kuuzia nguo ulizozitengeneza mwenyewe, mradi uwe tayari kuhangaika na jina na picha ya nguo sawasawa na unavyohangaika na nguo yenyewe. Ukidhani gauni zuri litajiuza, hapa utachoka mapema.

Kwa asiyeijua, Second Life ni dunia ya mtandaoni iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani. Hakuna adui wa kumpiga wala ngazi za kupanda. Watu wanajenga, wanakwenda kwenye muziki, wanapiga soga, na zaidi ya yote wanavaa. Karibu kila unachokiona humo kimetengenezwa na wachezaji wenyewe, na tangu mwishoni mwa 2003 mtengenezaji anabaki na haki ya kazi yake. Pesa ya humo ni dola ya Linden, inaandikwa L$, na dola moja ya Marekani ni takriban L$250.

Mimi kazi yangu ni kuchora kanga: pindo, mji na maneno. Mwenzangu wa Tabata ndiye anayetengeneza umbo la gauni. Yeye anatumia Blender, mimi natumia GIMP, zote programu za bure. Kuingiza picha moja ya kitambaa ni L$10, kwa hiyo hata ukirudia rangi mara kadhaa hufilisiki. Soko lina kipengele cha kugawa mapato: unaandika kila mmoja apate asilimia ngapi, na nguo ikiuzwa mgao unamfikia mwenyewe bila kukumbushana. Nakipa nyota tano bila kusita. Tunajua urafiki mwingi mjini hapa unavyoishia kwenye “nitakutumia kesho”.

Sasa tuje kwenye jina, maana hapo ndipo penye biashara.

Ukitafuta gauni kwenye soko lile unaletewa maelfu. Picha ndogo, nyota, bei, na mstari mmoja wa jina. Wauzaji wengi wanajaza mstari huo mapambo: nyota, mabano, herufi za ajabu zinazopendeza machoni. Tatizo ni kwamba mteja akishanunua, nguo inaingia kwenye begi lake la vitu, na mchezaji wa siku nyingi ana makumi ya maelfu ya vitu humo. Ataipata kwa kuandika jina. Herufi isiyo kwenye kibodi yake haandiki, na nguo asiyoipata haivai. Asipoivaa, hakuna rafiki wa kumuuliza ameitoa wapi. Kwangu hilo ndilo tangazo kubwa kuliko yote, na linaanzia kwenye herufi za kawaida tu.

Halafu kuna ukomo. Jina la kitu ndani ya Second Life halizidi herufi 63. Humo unatakiwa uweke jina la duka, jina la nguo, aina yake, rangi, na mara nyingi mwili ambao nguo inaukaa. (Mwili wa avata, yaani mtu wako wa mle ndani, nao unanunuliwa, upo wa aina nyingi, na gauni lililokatwa kwa mwili mmoja halikai vizuri kwenye mwingine.) Ukilipa gauni jina la usemi mzima wa kanga, tuseme Mdhaniaye siye kumbe ndiye, hizo ni herufi 26 pamoja na mapengo, karibu nusu ya nafasi imekwisha.

Nilikwenda Kariakoo kwa mama mmoja anayeuza kanga kwa doti, nikakaa pembeni nikasikiliza wateja. Karibu wote walikuwa wanaitisha kanga kwa maneno yake, na hakuna aliyeyataja yote. Dada mmoja alisema, “Mama, nipe ile Japo Sipati.” Mama akachomoa, akafunua: Japo sipati tamaa sikati. Nikamuuliza yule mama kama rangi haina maana. Akanijibu, “Ina maana mwanangu, lakini akifika nyumbani shoga yake hamuulizi rangi, rangi anaiona. Anauliza imeandikwaje.” Basi nikachukua utaratibu huo huo. Gauni letu la bega moja linaitwa Japo Sipati, maneno mawili, na usemi mzima umechorwa kwenye kitambaa, chini ya mji, mahali pake. Tukaliongezea na kilemba chenye jina hilo hilo ili mtu ajue vinakwenda pamoja.

Wengine waliniambia jina la Kiswahili litamkimbiza Mmarekani. Sikuliona hilo. Nilichoona ni kwamba Kiswahili peke yake hakimleti. Mteja wa huko haandiki Japo Sipati kwenye kutafuta, anaandika kwa lugha yake kwamba anataka gauni la Kiafrika, au refu, au la sherehe. Kwa hiyo mstari wa jina unabeba vyote viwili: jina la kanga kwanza, kisha kwa Kiingereza cha kawaida kwamba ni gauni la bega moja. Kuna sehemu ya maneno ya kutafutia, na hapo unaweka kanga, kitenge, Tanzania, Zanzibar, pamoja na aina ya shingo na urefu. Jina la kwanza linamfanya akumbuke na kurudi. Hayo mengine yanamfikisha mlangoni. Wapo wanaoandika humo majina ya miili yote maarufu ilhali nguo inakaa mmoja tu. Wanapata wageni wengi na nyota moja moja, maana mnunuzi anaruhusiwa kuandika maoni chini ya bidhaa na hasira zake zinabaki pale kwa kila ajaye. Mimi naandika miili inayokaa, na naisema ile isiyokaa.

Demo ni lazima, na niseme wazi kwamba bila demo mimi mwenyewe sinunui nguo ya mtu. Demo ni nakala ya bure iliyogongwa maandishi makubwa, mteja anaivaa anaona inavyomkaa. Soko linakuruhusu kuiunganisha na bidhaa yenyewe. Iite jina lile lile na neno demo mbele, hata kama utaona linachosha.

Picha. Hapa nina la moyoni. Picha nyingi za nguo za Kiafrika sokoni mle zimepigwa kwenye avata mweupe, au mweusi aliyetupwa gizani hadi kitambaa ndicho pekee kinachoonekana. Ngozi nyeusi inataka mwanga wake. Second Life ina mipangilio ya mwanga na anga unayoweza kuibadilisha na kuihifadhi, na ukikaa nayo jioni nzima unapata mwanga wa saa kumi na moja wa Coco Beach, ule wa pembeni, unaoonyesha shavu na mkunjo wa kitambaa kwa pamoja. Picha ya kwanza ni gauni lote mbele, ya pili nyuma, ya tatu maneno ya kanga yakisomeka. Hiyo ya tatu ndiyo inayoleta ujumbe wa wateja. Wanauliza maana yake nini, nami nawajibu kwa kirefu, na mara nyingi mazungumzo hayo yanazaa ununuzi wa pili.

Kuhusu bei sina mengi. Gauni la rangi moja tunaliweka L$250, na furushi lenye rangi zote, unazibadilisha kwa kidude kwenye skrini, tunaliuza kwa bei isiyofikia ya magauni manne. Kuweka bidhaa sokoni ni bure, soko linakata asilimia 10 ikiuzwa. Kwa hiyo katika L$250 tunabaki na 225 za kugawana. Ni kama senti 90 za Kimarekani. Asikudanganye mtu kwamba utalipa kodi ya nyumba Sinza kwa magauni matatu.

Faida ambayo sikuwahi kusikia mtu akiisema ni saa. Second Life inafuata saa za California, na sisi tuko mbele kwa saa 10 au 11 kutegemea majira yao. Mmarekani wa huko anaporudi kazini saa kumi na mbili jioni, Dar ni saa kumi au kumi na moja alfajiri. Duka la kawaida lingekutaka ukeshe. Hapa mfumo unapokea malipo na kukabidhi nguo wenyewe, wewe unaamka unakuta mauzo na maswali. Nakaa nayo kabla sijaingia barabarani, kila aliyeuliza anajibiwa siku hiyo hiyo. Mteja anaweza pia kumnunulia rafiki yake kama zawadi moja kwa moja, na kanga kwa zawadi inaeleweka hata kwa asiyeijua.

Kuna matangazo ya kulipia ndani ya soko, bidhaa yako ionekane kwenye kurasa za aina yake. Kwa duka dogo nimeona kikundi kinafaa zaidi: wateja wanajiunga, nguo mpya ikitoka unawatumia tangazo lenye picha na alama ya mahali duka lilipo. Usiwatumie kila siku.

Jambo linaloniuma ni wizi. Kuna duka moja lilitoa gauni lenye jina letu na picha inayofanana mno na yetu. Hapa ni vizuri kujua mipaka. Ukiibiwa mchoro au picha, Linden Lab inapokea malalamiko kwa utaratibu wa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998. Jina fupi la gauni halilindwi na hakimiliki, na usemi wa kanga ni wa Waswahili wote, siwezi kusimama nikasema ni wangu. Kwa hiyo nililalamikia picha, jina nikaliacha. Kinachotutofautisha na yule ni jina la duka letu linalotangulia kila bidhaa, lile lile, kwa tahajia ile ile, tangu kilemba hadi gauni.

Na kwa upande wetu tusiwe wezi. Nimeona watu wakiskani kanga ya kiwandani na kuiuza humo kama yao. Mchoro ule una mwenyewe, na hapa nyumbani tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Chora maua yako, chora pindo lako. Kama mwenzako wa kukukatia umbo huna, vipo violezo vya nguo vinavyouzwa na watengenezaji wengine, unaviwekea kitambaa chako. Soma leseni yake yote. Nyingi zinakutaka upunguze ruhusa kabla ya kuuza, ili mnunuzi asiweze kugawa kiolezo kwa wengine.

Nyota zangu: kugawa mapato tano, kukabidhi bidhaa tano, kutafuta bidhaa tatu, kipato kwa anayeanza mbili. Kwa jumla naweka nne.

Kama wewe ni fundi au mchoraji hapa Dar, una kompyuta yenye kadi ya picha inayojiweza na intaneti isiyokatika, anza na kilemba. Hakilazimiki kufuata mwili wa avata kama gauni, kwa hiyo unatengeneza kimoja kinachowafaa wengi, na nafasi ya kuchora maneno ya kanga ipo ya kutosha.