Walisajili jina la blogu yangu kwa jina lao: uzoefu wangu na kampuni ya "blogu kwa wanaoanza"

Nilinunua kifurushi cha kufungulia blogu kwa kampuni moja ya Dar es Salaam inayojitangaza kuwa inawahudumia wanaoanza, na kwa miezi mingi niliisifu kwa kila aliyeniuliza. Leo simshauri mtu yeyote akabidhi kazi yake mikononi mwao. Jina lao silitaji kwa sababu madai yangu bado yako mezani kwao, lakini yaliyonipata nitayaeleza, maana wako wengi, hasa kina mama wenzangu, wenye jambo la kuandika na wasiojua pa kuanzia, na matangazo ya namna hii huwalenga wao.

Mwanzo ulikuwa mzuri, nami sitaukana. Nilitaka mahali pa kuandika mapishi ya Tanga kama nilivyoyakuta kwa bibi na shangazi zangu: mkate wa ufuta, vibibi, bokoboko, mchuzi wa papa, kaimati. Binti aliyenihudumia kwa simu alikuwa na subira isiyo ya kawaida. Alinielekeza namna ya kuingia, namna ya kupandisha picha, na namna ya kuandika kichwa cha habari ambacho mtu anayetafuta mapishi atakipata, na siku hiyohiyo maandishi yangu ya kwanza yalikuwa hewani. Programu yenyewe, WordPress, ni ya bure tangu ilipotolewa mwaka 2003, kwa hiyo fedha niliyolipa kwa lipa namba yao ilikuwa ya mambo matatu tu: jina la kikoa, yaani anwani ya blogu kwenye intaneti, linaloishia na .com, nafasi kwenye seva yao, yaani kompyuta inayoihifadhi blogu, na mtu wa kupokea simu ninapokwama. Kabla ya kulipa nilimuuliza swali moja, nikalirudia ili tuelewane: hili jina litakuwa la nani? Akanijibu, "Ni la kwako, mama, sisi tunakusajilia tu."

Blogu ilikua taratibu, kisha ikaja Ramadhani. Wiki zile wasomaji wangu huongezeka kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na si wa Tanga peke yao. Wananiandikia kutoka Mombasa, Unguja na hata Muscat, ambako familia nyingi bado zinazungumza Kiswahili na kufuturu kwa vyakula vya pwani. Alasiri moja, katika saa ambazo kila jiko la mwambao linawaka, blogu ilitoweka. Mahali pake palikuwa na ukurasa mweupe wenye mstari mmoja wa Kiingereza unaosema kwamba akaunti imesimamishwa. Hapakuwa na sababu wala namba ya kupiga. Msomaji mmoja alinitumia ujumbe: "Dada, unga nimeshaukoroga na hamira nimeshaitia, ukurasa umegoma kufunguka, sasa unaumuka muda gani?" Nilimjibu kwa simu. Waliokuwa hawana namba yangu sijui walifanya nini.

Sababu ya kusimamishwa niliijua baadaye, na nitaieleza hapa kwa kuwa matangazo yao hayaielezi. Seva wanayotuuzia sisi wanaoanza hutumiwa na tovuti nyingi kwa pamoja, na kila mteja amewekewa kiwango cha nguvu za mashine anachoruhusiwa kutumia. Kila mgeni anapofungua ukurasa wa WordPress, programu huamka, huenda kwenye hifadhidata, hukusanya maneno na picha, kisha huujenga ukurasa upya, kama mpishi anayekoroga unga mpya wa kaimati kila mteja mmoja anapobisha hodi. Wageni wakizidi, mashine inazidiwa. Dawa yake ipo na ni ya kawaida: kuna programu-jalizi za bure, yaani programu ndogo za kuongezea kwenye WordPress, zinazotunza nakala ya ukurasa uliokwisha kujengwa na kuwagawia wageni nakala hiyo, na mzigo hupungua sana. Kampuni inayojua kazi yake ingemwekea mteja anayeanza kitu hicho tangu siku ya kwanza, au angalau ingempigia simu mzigo unapoanza kupanda. Hawa waliandika kwenye tangazo lao kwamba kifurushi kinapokea wageni bila kikomo, kisha wageni walipokuja wakafunga mlango.

Nilifungua tiketi, yaani ombi la msaada la maandishi kwenye tovuti yao. Jibu lilikuja na bei ya kifurushi kikubwa zaidi, bila salamu. Nikafungua nyingine, nikapata jibu lilelile. Yule binti wa mwanzo namba yake haikupatikana tena. Ndipo nilipopanda basi nikiwa na swaumu yangu, Segera, Chalinze, hadi Dar es Salaam, nikaenda ofisini kwao.

Nilimkuta kijana kwenye kaunta. Alikuwa na simu mkononi na hakunyanyua macho. Nilimsalimu, akaitika kwa mguno. Nilimweleza kwamba blogu imefungwa, kwamba sikupewa taarifa, kwamba tuko ndani ya mfungo na watu wanaitafuta, na kwamba naomba ifunguliwe wakati tunaendelea kuzungumzia malipo. Akatelezesha kidole kwenye kioo cha simu mara mbili tatu, kisha akasema, "Kwani, mama, mapishi yana haraka gani?"

Nimelitafakari neno hilo mara nyingi tangu siku ile, na kila nikilitafakari hasira inarudi mpya. Angeniambia kwamba hajui, ningekubali. Angeniambia kwamba bosi wake hayupo, ningesubiri. Lakini yeye aliitazama kazi yangu yote, wazee niliowahoji kabla hawajaondoka duniani, vipimo ambavyo havikuwahi kuandikwa kwa sababu vilikuwa vya kiganja na vya jicho, akaiona kuwa ni jambo la jikoni linaloweza kungoja. Ningekuwa mwanamume mwenye tovuti ya kuuza magari, nina hakika asingeniuliza gari lina haraka gani. Nilimwambia, "Mwanangu, mtu aliyefunga tangu alfajiri haraka yake ni magharibi." Hakujibu kitu.

Hapohapo nikaamua kuondoka kwao. Nikaomba namba ya siri ya kuhamishia jina la kikoa, ambayo kila msajili, yaani kampuni inayosajili majina hayo, anapaswa kuwa nayo kwa kila jina, ili niende kwa kampuni nyingine. Kijana akaniambia kuna ada ya kutoa jina, na tena ni lazima kwanza nilipie kifurushi kikubwa ili akaunti iwe hai. Nililipa ile ada, maana nilitaka kumaliza. Namba haikuja. Niliporudi Tanga, mpwa wangu alifungua ukurasa wa kutafutia majina ya vikoa wa ICANN, taasisi inayosimamia majina ya intaneti duniani, akaandika jina la blogu yangu. Siku hizi taarifa nyingi za mwenye jina hufichwa kwa ajili ya faragha, ila mahali pa jina la shirika huweza kuonekana, na mahali hapo palikuwa na jina la kampuni yao. Halikuwa langu na halikuwahi kuwa langu. Tangu siku ya kwanza walilisajili kama mali yao, mimi nikawa ninalipia kodi ya nyumba niliyoambiwa nimeinunua.

Anayeanza hawezi kuliona hili mapema, kwa sababu kila kitu hufanya kazi vizuri mpaka siku anayotaka kuondoka. Kwa kanuni za ICANN, mwenye jina akiomba namba ya kuhamishia, msajili anapaswa kumpa, au kumwezesha kuichukua mwenyewe, ndani ya siku 5. Lakini mwenye jina ni yule aliyeandikwa kwenye sajili, na barua pepe zote za kuthibitisha huenda kwake. Kama aliyeandikwa ni kampuni iliyokuuzia, basi wewe machoni pa sajili ni mpita njia. Na wakiamua kutolilipia tena, jina la .com lililokwisha muda hufika katika kipindi cha ukombozi cha siku 30, kisha siku 5 za kungoja kufutwa, na baada ya hapo yeyote duniani anaweza kulichukua. Nilikaa na hesabu hiyo kichwani usiku mzima.

Wakati huo nilikuwa tayari kuandika kwamba anayeanza asilipe hata senti moja, aende Blogger, jukwaa la blogu ambalo ni la bure na limekuwa la Google tangu mwaka 2003. Mwanablogu Issa Michuzi alianza mwaka 2005 kwenye anwani ya bure ya blogspot, ambayo Blogger huwapa watu wake, na watu wakamsoma nchi nzima na ughaibuni bila kujali anwani inaishiaje. Hoja hiyo bado ina nguvu kwangu. Hata hivyo, siwezi kusema kwamba huko hakuna hatari, kwa kuwa anwani ya bure ni ya mwenye jukwaa, na siku akiifunga hakuna ofisi ya kupandia basi. Nami nilihitaji mtu wa kunielekeza. Wengi wa umri wangu wanahitaji hivyo, na kwa hilo peke yake yule binti wa mwanzo alistahili kila shilingi.

Kisha likatokea jambo ambalo limenitatiza katika kuipima kampuni hii. Usiku mmoja alinipigia kijana wa idara yao ya ufundi, ambaye sikuwahi kukutana naye. Alisema ameziona tiketi zangu na zimemsumbua. Alifungua blogu kwa muda, akanielekeza kwenye sehemu ya zana za WordPress namna ya kuhamisha maandishi yote katika faili moja. Halafu akaniuliza kama najua kwamba faili lile lina maneno, kurasa na maoni ya wasomaji, lakini picha zenyewe hazimo. Zilizomo ni anwani za mahali picha zilipo, na seva ikizimwa anwani hizo hazielekezi popote. Sikujua. Wala hakuna aliyekuwa ameniambia. Kwenye kaimati picha si pambo: unga ulioumuka vizuri una matundu madogo juu na ukiuinua kwa vidole unavutika bila kukatika, na maneno hayo niliyaandika, ila mpishi mgeni haelewi mpaka aone. Kijana yule alinifungia folda nzima ya picha, akanitumia kiungo cha kuipakua, akakaa kwenye simu hadi nikamwambia zote zimefika. Alinisihi nisimtaje kazini. Simtaji.

Kwa hiyo nilipoanza kupanga maneno haya nilikusudia kusema msiwasogelee kabisa, na hapo nikasita, kwa kuwa kampuni yenye kijana kama huyo si ya kutupwa jalalani. Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyozidi kuona kwamba wema ule haukuwa wao. Aliutenda kwa siri, nje ya saa za kazi, akiogopa wakubwa wake. Huduma ambayo mfanyakazi mwema lazima ajifiche ili aitoe haiwezi kuhesabiwa kuwa huduma ya kampuni.

Jina lilipatikana kwa njia nyingine. Kampuni hii haikuwa msajili aliyeidhinishwa na ICANN bali wakala tu wa msajili wa nje, na jina la msajili huyo huonekana kwenye ukurasa uleule wa kutafutia. Nilimwandikia, nikaambatisha stakabadhi yangu inayosema wazi "usajili wa jina", pamoja na ujumbe wa yule binti uliothibitisha kwamba jina ni langu, ambao kwa bahati sikuufuta. Yeye ndiye aliyewabana. Wakabadilisha jina la mmiliki, safari hii bila mguno. Ila hata hapo hawakuniheshimu: jina la mmiliki linapobadilishwa, kuhamia kwa msajili mwingine hufungwa kwa siku 60, isipokuwa kama mwenye jina amepewa nafasi ya kukataa zuio hilo kabla ya mabadiliko. Hawakunipa nafasi hiyo, nikabaki mteja wao kwa nguvu hadi zuio lilipoisha, na Ramadhani ilikuwa imekwisha zamani.

Sasa blogu iko kwa mtoa huduma mwingine, jina la mmiliki ni langu, barua pepe ya uthibitisho ni yangu, na nakala za picha ziko kwenye diski ndani ya kabati. Anayeanza na akaamua kwenda kwa kampuni yoyote, iwe hii au nyingine, adai barua pepe yake iandikwe kwenye usajili, kisha aende mwenyewe kwenye ukurasa wa ICANN wiki hiyohiyo akatazame, asiridhike na maneno ya simu hata yakitoka kwa mtu mpole. Ada waliyonitoza ya kutoa jina hawajanirudishia. Barua yangu ya kuidai waliipokea na kuigonga muhuri, na wakinilipa nitaandika hapahapa kwamba wamelipa.