Tathmini ya kliniki ya ngozi: matibabu ya keloidi ya sikio jijini Dar es Salaam

Nilimpeleka mpwa wangu katika kliniki ya ngozi ya hospitali moja ya binafsi jijini Dar es Salaam kwa sababu ya nyama iliyomwota kwenye ndewe baada ya kutoga masikio. Ninaloisifia kliniki hiyo kuliko yote ni kwamba daktari hakugusa sindano wala kisu kabla ya kuhakikisha tatizo lenyewe ni lipi.

Jambo hilo ni zito, kwa kuwa nyama ya ziada huota mwilini kwa namna nyingi na kila namna ina tiba yake. Katika hipatrofia, seli zilizopo hunenepa. Katika hipaplasia, idadi ya seli huongezeka, na ndivyo inavyotokea tezi dume inapovimba uzeeni. Katika neoplasia, seli huzaana pasipo kuutii mwili, na matokeo yake huweza kuwa uvimbe usio na hatari kubwa au saratani. Keloidi, ambayo ndiyo iliyomwota mpwa wangu, ni kovu ambalo ndani yake seli zinazotengeneza kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara, huendelea na kazi hata baada ya jeraha kufunga. Daktari alimweleza binti, kwa Kiswahili chepesi na bila haraka, kwamba kovu nene la kawaida hubaki ndani ya mipaka ya jeraha na mara nyingi hunywea lenyewe kadiri miezi inavyopita, ilhali keloidi huvuka mipaka hiyo, huwasha, huuma, na hupatikana zaidi kwa watu weusi na katika baadhi ya familia. Alimhakikishia pia kwamba si saratani na haiambukizi. Nilimwona mtoto akishusha pumzi kwa faraja.

Sisi tulikwenda tukitaka ikatwe siku hiyohiyo. Daktari alikataa, na ninaamini alifanya vyema kabisa, kwani keloidi inayokatwa bila tiba nyingine hurudi kwa asilimia 45 hadi 100 ya wagonjwa, na huweza kurudi ikiwa kubwa kuliko ya kwanza. Alianza na sindano za triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ndani ya kovu, zikirudiwa kila baada ya wiki chache, huku akitutahadharisha kwamba dawa hiyo huweza kuifanya ngozi iwe nyembamba au ipauke. Sindano zinauma sana kwa sababu kovu ni gumu na dawa hupenya kwa shida. Muuguzi alipaka ganzi kwanza na kumshika mkono muda wote. Muwasho ulitangulia kwisha, kisha kovu likaanza kulainika. Upasuaji ulifuata baadaye, pamoja na sindano nyingine, hereni maalumu ya kubana ndewe, na karatasi za silikoni ambazo hubandikwa kwa saa 12 au zaidi kila siku kwa miezi kadhaa. Kipande kilichokatwa kilipelekwa maabara ya patholojia kuchunguzwa kama kina ugonjwa, hatua ambayo isingefaa kurukwa, kwa kuwa ziko saratani za ngozi, ingawa ni nadra, zinazofanana na keloidi kwa macho.

Kasoro zipo. Miadi hupangwa kwa saa, lakini foleni haifuati saa hiyo. Cheti tulichopewa kilijaa istilahi za kitabibu zisizo na maelezo, na mgonjwa asiyepata daktari mwenye subira kama wetu angeweza kurudi nyumbani akidhani ana saratani. Gharama ya karatasi za silikoni, ambazo hununuliwa upya mara kwa mara, hatukuelezwa mpaka tulipofika dirisha la malipo.

Kwa hiyo anayekwenda aombe makadirio ya matibabu yote tangu mwanzo, yakiwemo ya miadi ya kuangaliwa baada ya upasuaji, kwa sababu keloidi huweza kurudi hata baada ya mwaka. Apige pia picha ya kovu kabla ya sindano ya kwanza. Mabadiliko huja polepole mno kiasi kwamba anayelitazama kila siku hayaoni.