Relei za kuficha nyuma ya swichi: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Relei hizi ni vifaa vidogo vinavyowasha na kuzima taa kwa simu, unavifunga nyuma ya swichi yako ya kawaida. Mimi napima hivi vitu kwa swali moja tu: waifai ikikata, simu imeisha chaji, na kuna mgeni ndani asiyejua habari za apu, akibonyeza swichi ya ukutani taa inawaka? Kama haiwaki, usinunue.

Kabla ya hela kutoka zima main switch, fungua boksi la swichi ucheki waya. Nyumba nyingi utakuta mbili tu, laivu (waya unaoleta umeme) inayoingia na ile inayopanda kwenye taa, nyutro (waya wa kurudisha umeme) hakuna, na relei nyingi bila nyutro haziwaki kabisa. Ila usikate tamaa mapema, maana mara nyingi nyutro iko juu darini kwenye taa yenyewe, kwa hiyo relei unaiweka kule na zile waya mbili za swichi zinageuka kuwa za kuipa taarifa tu. Cheki na kina cha boksi, hizi ndogo zina unene wa milimita 16 hivi, na bado waya zinataka nafasi.

Namba moja kwangu ni relei ya waifai inayotumia nyutro na yenye sehemu ya kuunga swichi, mfano Shelly 1 au Sonoff MINIR4. Swichi yako ya zamani inabaki, simu inafanya kazi, na ukutani panafanya kazi hata intaneti ikiwa haipo. Shelly naipa nafasi ya juu kidogo kwa sababu unaweza kuiendesha ndani ya mtandao wako wa nyumbani bila kupitia seva za nje. Angalizo zito hapa: kwenye Sonoff zile sehemu za kufungia waya zilizoandikwa S1 na S2 ni za kuunganishwa na swichi peke yake, ukipeleka laivu pale unaiunguza, wakati Shelly 1 ukiiendesha kwa umeme wa kawaida wa nyumbani swichi inapeleka laivu kwenye sehemu iliyoandikwa SW. Fundi aliyezoea moja asifunge nyingine kwa mazoea, asome mchoro kwanza.

Ukishafunga ingia kwenye setingi, chagua kila swichi ikigeuzwa taa ibadilike, yaani ukizimia kwenye simu halafu mtu akaigeuza ukutani inawaka palepale. Juu au chini ya swichi haitakuwa na maana tena, kama zile swichi mbili za ngazini, watu wa nyumbani wanazoea haraka. Na umeme ukikatika ukarudi, iambie ikae kama ilivyokuwa, la sivyo unaweza kuamshwa usiku na taa zote.

Namba mbili ni za Zigbee, yaani zinazowasiliana kwa mawimbi yake zenyewe badala ya waifai. Zinataka habu (kifaa cha kati kinachoziunganisha na simu), ila kama unafunga vyumba vingi ni bora kuliko kujaza waifai vifaa, na zile zenye nyutro zinapokezana mawimbi. Namba tatu ni zisizohitaji nyutro, kama Sonoff ZBMINIL2. Nunua pale tu ambapo nyutro haipatikani popote, kwa sababu zinapitisha umeme kidogo kwenye taa hata ikiwa imezimwa, na LED ya wati chache inaweza kupepesa.

Swichi za kugusa zinazobadilisha swichi nzima ni nzuri kwa macho, lakini ikifa umebaki bila swichi. Vile virisiva vya rimoti za 433 MHz vingi havirudishi taarifa, hujui taa imezimika kweli au la. Balbu za smati naziweka mwisho, mtu akizima ukutani balbu imekufa na simu haiioni.

Hita ya maji ya wati 3000 kwa volti 230 inavuta ampea 13, relei ya ampea 10 usiithubutu hapo, na hata ya 16 mimi naitaka iendeshe kontakta (swichi kubwa ya umeme ya mizigo mizito), kontakta ndiyo ibebe mzigo.