Tinti ya umeme saluni kwangu: stara ipo, joto lipo palepale

Hii tinti ya umeme wengi mnaniuliza wasap, basi nandika mara moja kila mtu asome. Mimi nna saluni ya kina mama Kiembesamaki hapa Unguja, kioo kikubwa cha mbele kinatazama barabara, na mnazijua saluni zetu, mwanamke akishaingia anavua mtandio, bi harusi ndo kabisaa anakaa na hina na piko masaa na masaa, kwahiyo ilikuwa pazia zito kutwa na taa tunawasha mchana kweupe. Sasa hivi pazia nshalitoa.

Kwa wasoijua, ni karatasi ya plastiki inabandikwa juu ya kioo cha kawaida, ndani yake mna vitone vidogo mno vya kristali majimaji, jamaa zao zile zilizomo kwenye kalkuleta na tivii bapa. Kama umeme umezimwa kila kitone kimeelekea kwake, mwanga unaingia lakini unatawanyika ovyo, kioo kinakuwa cheupe kama tui la nazi na wa nje haoni kitu. Ukiwasha vinajipanga vyote upande mmoja na mwanga unapita moja kwa moja. Ni papo hapo.

Sasa kilonifurahisha zaidi ni kuwa kinajifunga pale umeme UKIZIMA. Umeme ukikatika, na sie wa Unguja tuliokaa gizani kisiwa kizima toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 hatuna haja ya kuelezwa hayo, kioo kinakuwa cheupe chenyewe na wateja wangu wamekaa na nywele zao wazi hawana wasiwasi. Lakini muulize muuzaji vizuri, maana zipo na za kinyume, zinakuwa wazi umeme ukizima, hizo kwa saluni au choo usiguse hata ukipewa bure.

Umeme inakula wati chache tu kwa mita moja ya mraba, tena inakula ikiwa wazi tu. Mimi naiwasha asubuhi nikifagia na kupanga vitu, wapita njia wayaone mafuta na udi kwenye shelfu, mteja wa kwanza akiingia nazima, na kwenye tukuza, yani umeme wetu wa kununua kabla, sijaona tofauti. Inakuja na transfoma yake inayoshusha umeme wa ukutani mpaka kama volti 60. Fundi asiiruke hiyo akaunga moja kwa moja, wala asije akakwambia ataunga betri ya sola hivi hivi bila inveta, inataka umeme wa AC, ule wa betri unaziharibu kristali.

Haya, joto. Muuzaji alinambia itapunguza joto na ni kitu kimoja na madirisha ya ile ndege ya Boeing, Dreamliner. Si kweli yote mawili. Madirisha ya Dreamliner yanafifia taratibu yanakuwa buluu nzito na bado unaona nje, ufundi mwengine kabisa. Hii yangu inautawanya mwanga tu, haiuzuii, jua la alasiri linaingia kama kawaida na bila kiyoyozi mngenikuta nimeyeyuka. Na stara unaipata dirisha likiwa limefungwa, ukilifungua kwa upepo tinti imefunguka nalo, ndo maana chumbani nyumbani siiweki ng'o. Zile luva za mbao za Mji Mkongwe zinakupa upepo, unaona nje na huonekani, bila waya wala swichi.

Usiku taa za ndani zikiwaka nlimtoa wifi yangu nje atutazame. Aliekaa mbali na kioo haonekani hata kidogo, ila aliesimama karibu kabisa anaonekana kivuli chake, umbo lote, sura tu ndo huijui. Nkasogeza viti vyote ukuta wa nyuma. Na hata ikiwa wazi ukiitazama kwa ubavu ina ukungu kidogo, mtu mgumu wa kuridhika atalalamika.

Cha kuangalia sana ni kingo, kwa hewa yetu hii ya chumvi na unyevu. Maji yakipenya pembeni tinti inaanza kubanduka na waya unashika kutu. Mwambie fundi aliminiamu azibe kwa silikoni isiyonuka siki, ile inayonuka siki inaila tinti, na wasichana wa usafi wakataze mpira wa maji, kitambaa laini chenye unyevu kinatosha.

Bei imeuma, zaidi ya laki mbili kwa mita ya mraba bila ufundi. Kwa saluni yenye kiyoyozi nasema nunua. Mlango wangu wa kioo bado sijaubandika, nasubiri masika ipite nione kingo za hichi cha mbele zitakuwaje.