Uzoefu wangu wa ziara ya baiskeli kutoka Mkoani hadi Ras Kigomasha

Ziara ya kundi ya kuivuka Pemba kwa baiskeli, kutoka kusini hadi kaskazini, naipendekeza kwa moyo mkunjufu kwa kila mwenye afya nzuri, kwa sharti kwamba anayeiuza amweleze mteja ukweli kuhusu vilima. Kampuni iliyotuchukua ilifanya mengi kwa ustadi, lakini katika hilo la vilima maelezo yake yalikuwa pungufu.

Kwenye karatasi, Pemba haitishi. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 67, na sehemu yake ya juu kabisa ina kiasi cha mita mia moja tu kutoka usawa wa bahari. Tangazo likaiita safari nyepesi inayomfaa kila mtu. Jambo ambalo tarakimu hizo hazisemi ni kwamba kisiwa chote kimekatwakatwa na mabonde: ukimaliza kuteremka hadi kwenye mashamba ya mpunga, papo hapo unaanza kupanda, na ukifika juu hupati tambarare ya kuvuta pumzi kwa sababu njia inainama tena. Sisi wa Unguja, tuliozoea barabara ambazo kwa sehemu kubwa zimelala, tulianza kuhema tangu kilima cha kutokea bandarini Mkoani, wakati boti tuliyokuja nayo bado inapakua mizigo. Kupanda mara moja hakumshindi mtu mzima. Kinachochosha ni kule kurudiarudia kutwa nzima, tena juani. Mteja anastahili kuambiwa hivyo kabla hajalipa.

Baada ya kusema hilo, nawapa haki yao. Kiongozi wetu alikuwa mwenyeji wa Pemba anayeijua kila njia ya mkato, naye alikwenda mbele kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote, jambo ambalo viongozi wengi wa makundi hulisema bila kulitenda. Fundi alikuwa nyuma kabisa. Mtu akishindwa na kilima alishuka na kusukuma, na fundi naye alishuka na kusukuma pamoja naye, hivyo hapana aliyeachwa peke yake barabarani wala aliyeona haya. Kwetu wanawake walikuwa wametuuliza mapema urefu wetu na mavazi tutakayovaa, tukapewa baiskeli zenye bomba la fremu lililoshuka chini na mnyororo uliofunikwa, ili gauni lisinaswe. Hata kofia ngumu zilikuwa na mikanda mirefu ya kutosha kuvaliwa juu ya mtandio. Nimepanda baiskeli za kukodi kwingi ambako hakuna aliyewahi kulifikiria hilo, nami nawashukuru kwa dhati.

Dosari kubwa ilikuwa breki. Katika mteremko mmoja mrefu kabla ya Chake Chake, mwenzetu mmoja alibana breki ya nyuma ikagusa bila kushika, akalazimika kuielekeza baiskeli kwenye nyasi za kando, akasimama salama. Fundi alipokagua alikuta mipira ya breki imelika hadi kwenye chuma, akaibadilisha palepale kwa mipira mipya aliyokuwa nayo mkobani, kisha akazikagua baiskeli zote moja baada ya moja. Kazi aliifanya vizuri, ila ukaguzi huo ulipaswa kufanyika Mkoani kabla hatujaondoka. Katika nchi ya miteremko, breki ni muhimu kuliko gia, na kampuni inayopokea fedha za watu haina udhuru katika hili.

Njia yenyewe ndiyo iliyonivutia kuliko yote. Tulikwenda wakati wa mavuno ya karafuu, na kwa kilomita nyingi kando ya lami kulikuwa kumeanikwa karafuu juu ya majamvi, mbichi zikiwa za kijani na wekundu, zilizokauka zikiwa za rangi ya kahawia iliyoiva. Kiongozi alitufundisha kushuka na kusukuma kila tulipopita mahali jamvi limeingia barabarani, kwa kuwa ni mali ya watu na gurudumu moja linatosha kuiharibu. Mahali pamoja tulimkuta bibi ameketi kibarazani anachambua, mkono mmoja unashika kichane, mwingine unang'oa vikonyo kwa dole gumba kwa kasi ambayo jicho halikuifuata; karafuu zinaanguka huku, makonyo yanaanguka kule. Tulipomwamkia alituitikia, "Marahaba wajukuu zangu, hebu kaeni kivulini kwanza, mlima wa mbele haukimbii." Tukakaa, na madafu yakaangushwa.

Hapo ndipo kiongozi alipotusimulia kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kikuu kwa zao hilo. Habari kama hiyo ukiisikia umekaa chini ya mkarafuu wenyewe, huisahau.

Kati ya Chake Chake na Wete tuliingia Kidike kuwaona popo wa Pemba, ambao hawapatikani kwingine duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa na kukatiwa misitu. Leo, kwa ulinzi wa wanakijiji wenyewe, wanahesabiwa kwa maelfu. Walikuwa wamening'inia juu mitini mchana kweupe, wakijipepea kwa mabawa. Muda tuliopewa hapo ulikuwa mfupi mno. Afadhali wangepunguza mapumziko ya Wete mjini, ambayo hayakuwa na la maana zaidi ya chai.

Chakula kilipikwa majumbani mwa watu njiani: wali wa nazi, samaki wa kukaanga, mchicha, na mkate wa kumimina asubuhi. Vituo vilipangwa kufuata nyakati za sala karibu na misikiti, bila mtu kuhitaji kuomba.

Siku ya mwisho tulipita Konde tukaingia Msitu wa Ngezi, na humo ndani hewa inabadilika ghafla, jua linapotea juu ya miti mirefu. Tulionyeshwa mpapindi, mti wa jamii ya mitende ambao asili yake ni Pemba pekee. Kwenye njia za mchanga za kuelekea ufuo wa Vumawimbi, matairi membamba tuliyopewa yalizama, na wengi tulitembea kwa miguu. Matairi mapana yangetatua shida hiyo, nami nimewaandikia kuwashauri hivyo. Kutoka mnara wa Ras Kigomasha gari liliturudisha Wete pamoja na baiskeli, na gharama hiyo ilikuwa ndani ya bei tuliyolipa tangu mwanzo.

Anayetaka kwenda achague kipupwe, baada ya masika kwisha, joto likiwa limepungua na barabara zimekauka. Kabla ya kulipa, aulize umri wa mipira ya breki, upana wa matairi, na kama fundi atakuwepo nyuma safari nzima au atafuata kwa gari.