Programu ya Kupanga Kurasa kwa Mwandishi wa Miongozo ya Kiufundi: Ipi Itangulie

Vijana wa Malindi na Lamu wanaotaka kuishi kwa kuandika miongozo ya mitambo wameniletea lalama moja: wamelipia programu ya kupanga kurasa, wakajifunza kupamba majalada, kisha kazi yao ya kwanza ya kurasa mia moja ikawashinda. Sitazungumzia rangi wala fonti, kwani hizo zimo katika kila programu. Ninalolishikilia ni swali hili: ukiingiza ukurasa mpya katikati, je, kila palipoandikwa "tazama Jedwali la 9, ukurasa wa 62" patajirekebisha?

Fundi wa mashine za boti pale Lamu akielekezwa kwenye jedwali lisilo lake, huenda akachanganya petroli na oili kwa kipimo cha injini nyingine, na injini ikaungua baharini ikiwa na abiria. Ndiyo maana naliweka jambo hili mbele ya mengine yote.

Ya kwanza kwangu, bila kusita, ni FrameMaker, ambayo Adobe iliipata ilipoinunua kampuni ya Frame Technology mwaka 1995. Iliundwa kwa ajili ya nyaraka ndefu: kila sura hukaa katika faili lake, faili la kitabu huziunganisha, na ukikisasisha kitabu, namba, marejeo (yale maelekezo ya "tazama ukurasa fulani"), yaliyomo na faharasa hufuata, huku marejeo yaliyokatika yakiorodheshwa ili uyatengeneze. Aidha, unaweza kuandika mwongozo mmoja kwa injini za aina mbili, ukaficha aya zisizohusika kabla ya kuchapa. Ni ngumu kujifunza na hufanya kazi kwenye Windows pekee, lakini ugumu huo unalipa.

InDesign, programu nyingine ya Adobe, naiweka ya pili. Imekuwa na marejeo ya ndani tangu toleo la CS4 la mwaka 2008, ila moyo wake uko kwenye magazeti na vipeperushi. Publisher, inayofundishwa katika kozi nyingi za kompyuta, usiigharimie hata shilingi, kwa kuwa Microsoft imetangaza kuisitisha Oktoba 2026. Asiye na fedha aanze na LibreOffice Writer, ambayo ni ya bure na ina marejeo ya ndani.

Kujifunza nako kufuate swali lilelile: andika mwongozo wa pampu ya maji ya sola wenye sura tano, weka marejeo katika kila sura, kisha ondoa sura ya pili na uone kinachovunjika.

Linaloniuma zaidi ni wauzaji. Mmoja wa walioniandikia aliuziwa laptopu "yenye programu zote", kumbe InDesign iliyomo ilikuwa nakala ya zamani isiyo na leseni. Faili la mteja lililotengenezwa kwa toleo jipya likakataa kufunguka, na muuzaji akataka malipo mengine. Hapo mteja alipaswa kuombwa alihifadhi upya kwa muundo wa IDML, ambao matoleo ya zamani ya InDesign huweza kuufungua, jambo lisilogharimu chochote, na muuzaji hakumwambia mnunuzi wake. Bei zenyewe hupangwa kwa dola, kwa hiyo shilingi ikishuka ada hupanda, na wauzaji hujificha nyuma ya hilo kuuza wizi kama msaada. Kabla ya kulipa, dai leseni iandikishwe kwa jina na baruapepe yako, na toleo litajwe kwenye risiti. Muuzaji akikataa, ondoka na fedha zako.