Chekeche la mchanga la matundu ya milimita 2: nyota nne kati ya tano

Sisi tunaojitolea kusafisha fukwe tumezoea glavu, magunia na koleo la kuokotea. Hivyo vinatosha kwa chupa, kandambili na nyavu zilizokatika. Havifui dafu mbele ya vipande vya plastiki visivyofika milimita 5. Tunapiga picha na magunia yetu, tunaondoka, navyo vinabaki palepale mchangani. Jambo hilo lilikuwa likiniuma, ndiyo sababu nikanunua chekeche hili na kulitumia msimu mzima.

Ni fremu ya alumini ya mraba, ukubwa wake kama sinia, ina mishikio miwili na wavu wa chuma kisichoshika kutu. Ubora wake uko kwenye matundu. Punje za plastiki, ile malighafi ambayo viwanda huiyeyusha kutengenezea karibu kila kitu cha plastiki, kwa kawaida zina upana wa milimita 2 hadi 5. Chekeche la mafundi wa ujenzi huzipitisha pamoja na mchanga. Lile la milimita 1, nililowahi kuazima, linazuia mpaka mchanga wenyewe ukiwa wa chenga kidogo, utatikisa hadi mabega yaishe nguvu. Hili linaacha mchanga upite, punje zinabaki. Meli ya X-Press Pearl ilipoungua na kuzama karibu na Sri Lanka mwaka 2021, takriban tani 1,680 za punje za aina hii ziliingia baharini, na watu walilazimika kuchekecha mchanga wa ufukweni ili kuzipata. Koleo lisingewasaidia kitu.

Chagua siku. Mchanga mbichi unaganda kwenye wavu na kazi inasimama. Mimi husubiri maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana: mstari wa taka ulioachwa juu na bamvua, yaani maji makubwa, unakuwa umekauka, maji hayaufikii, na hapo ndipo taka ndogo zilipolundikana. Paruza tabaka la juu tu. Kuchimba kunachosha bure, na mahali kasa wanapotaga ni hatari kwa mayai, kwa hiyo huko usiguse kabla ya kuwauliza wanaolinda viota. Rundo la mwani nalo liache. Okota plastiki inayoonekana juu yake, basi. Ndani yake kuna wadudu ambao ndege wa ufukweni wanawategemea.

Kinachobaki kwenye wavu ni mchanganyiko wa makombe, vijiti na plastiki. Namimina vyote kwenye ndoo ya maji ya bahari na kukoroga. Polithini na polipropilini, aina mbili za plastiki, ni nyepesi kuliko maji, zinaelea; makombe yanazama. Vijiti vikavu navyo huelea, hivyo kazi ya vidole haikwepeki. Plastiki ya chupa za maji ni nzito, inazama pamoja na makombe, kwa hiyo kagua chini ya ndoo kabla ya kumwaga. Punje zilizogeuka njano usizitupe haraka. Profesa Hideshige Takada wa Japani alianzisha mradi uitwao International Pellet Watch, unaopokea punje kutoka fukwe za nchi mbalimbali na kupima sumu zilizonaswa ndani yake, na zile za njano ndizo hasa wanazozitaka.

Sasa nyota iliyopungua. Wavu haujaota kutu hata kidogo, lakini skrubu za mishikio zimeshaota, ingawa tangazo liliahidi chombo kizima hakishiki kutu. Nilizibadilisha mwenyewe. Kilichonikera zaidi ni kwamba chekeche la kuokolea ufukwe lilikuja limeviringishiwa plastiki ya mapovu, tabaka juu ya tabaka. Niliwaandikia watengenezaji na kuwaomba watumie karatasi. Hawajanijibu, nami nitawaandikia tena.

Kwa kikundi, nunueni mawili mkiweza: wawili wanachekecha, mmoja anachota, mwingine anakaa na ndoo, na mnapokezana kabla mikono haijachoka. Ila kama ufukwe wenu ni wa kokoto, msilinunue. Kokoto zitajaa kwenye wavu, na punje zitakuwa zimeshadidimia chini yake ambako chekeche halifiki.